Kijerumani kinapokugomea: tiba ya makosa ya maneno marefu na mpangilio wa sentensi

Nafundisha Kijerumani Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengi ni wauguzi wanaojiandaa kwa mitihani ya lugha ya ngazi za kati, B1 na B2. Nikikusanya madaftari ya darasa zima, aina za makosa hazifiki ishirini. Ni yaleyale, yanabadilika mwandiko tu. Nilipoligundua hilo nilifurahi, maana kosa linalojirudia lina chanzo, na chanzo kikijulikana dawa haiko mbali.

Chanzo kikubwa ni kimoja. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe, kisha kulifafanua: mlango wa nyumba, mlango wa nyuma wa nyumba ya jirani. Ukishasikia "mlango" umejua tunazungumzia nini. Yanayofuata ni nyongeza. Kijerumani hufanya kinyume. Katika Haustür, nyumba (Haus) inatangulia na mlango (Tür) unakuja mwisho. Wala si kwa nomino peke yake. Mjerumani akitaja kitendo kama kilivyo kwenye kamusi husema Kaffee trinken, nach Hause gehen, jeden Morgen um sechs Uhr aufstehen. Sisi husema kunywa kahawa, kwenda nyumbani, kuamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Kitenzi chake kimekaa mkiani, kama Tür ilivyokaa mkiani mwa Haustür. Ishike hiyo unaposhuka kwenye dalili zilizo hapa chini: neno na sentensi ya Kijerumani zina uti wa mgongo mmoja, na uzito umewekwa upande wa kulia.

Neno refu linakukata pumzi

Umekutana na Wohnungsgeberbestätigung, herufi 24 bila nafasi hata moja. Jicho linakwama baada ya Wohnung, nawe unajibu, "Ni habari za nyumba." Neno hili sikulitunga ili kuwatisha wanafunzi. Tangu sheria ya usajili wa makazi ilipoanza kutumika Novemba 2015, anayehamia kwenye nyumba ya kupanga Ujerumani hudaiwa karatasi hiyo anapokwenda kujiandikisha.

Kilichokuponza ni kusoma kutoka kushoto na kusimama ulipofika kwenye neno la kwanza unalolijua. Chukua penseli, kata kuanzia kulia. Bestätigung: uthibitisho. Hapo tayari umeshika jambo lenyewe, kwamba kinachotakiwa ni uthibitisho. Rudi nyuma: Geber, mtoaji. Rudi tena: Wohnung, makazi. Uthibitisho wa mtoa makazi, yaani karatasi ya mwenye nyumba inayosema kweli umehamia kwake. Sasa itazame hiyo tafsiri. Vipande ni vilevile, mpangilio ndio uliogeuzwa, cha mwisho kikawa cha kwanza. Ndiyo maana huwasihi wanafunzi wasiuogope urefu. Neno refu la Kijerumani ni kirai cha kawaida cha Kiswahili kilichosomwa kinyumenyume na kuondolewa nafasi.

Njia hiyo haishindwi hata na majitu. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern huko Ujerumani lilikuwa na sheria ya mwaka 1999 iliyoitwa Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63, iliyofutwa mwaka 2013. Anza mkiani: Gesetz, sheria. Ya nini? Übertragung, kukabidhi. Kukabidhi nini? Aufgaben, majukumu. Ya? Überwachung, usimamizi. Wa? Etikettierung, uwekaji lebo. Kwenye? Rindfleisch, nyama ya ng'ombe. Sheria ya kukabidhi majukumu ya usimamizi wa uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Kila swali unalouliza linajibiwa na kipande cha kushoto kwake.

Usipofuata njia hiyo utabadilisha maana kabisa. Kartenspiel ni mchezo wa karata, lakini Spielkarte ni karata moja mkononi. Fensterglas ni kioo cha dirisha, Glasfenster ni dirisha la kioo.

Wapo wanaokata vizuri kisha wakakwama kwenye uhusiano wa vipande. Apfelkuchen ni keki yenye matofaa ndani. Je, Hundekuchen ina mbwa ndani? Hapana, ni biskuti za kulisha mbwa. Olivenöl yatokana na zeituni, Babyöl hupakwa mtoto. Neno lenyewe halisemi uhusiano ni upi, na Mjerumani huujua kwa kuijua dunia. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa "-a" yetu ni hivyohivyo: tunasema mafuta ya nazi na mafuta ya nywele, na tunajua bila kuuliza kwamba nazi hukamuliwa na nywele hupakwa.

Yako pia maneno ambayo vipande vyake vimeshahama kutoka maana yake ya asili, hayo huna budi kuyakariri. Handschuh, "kiatu cha mkono", ni glavu. Krankenschwester, "dada wa wagonjwa", ni muuguzi wa kike, na wauguzi wangu hulipenda neno hilo kwa sababu nao huitwa sista wodini. Lakini kwenye cheti cha leo hawatalikuta: tangu Januari 2020 jina rasmi la taaluma hiyo Ujerumani ni Pflegefachfrau, na kwa mwanamume Pflegefachmann.

Hujui uweke der, die au das

Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia: der ya kiume, die ya kike, das isiyo ya kiume wala ya kike. Neno limekuwa refu, basi mwanafunzi anachukua jinsia ya kipande cha mbele kwa sababu ndicho alichokiona kwanza. Anaandika das Haustür, kwa kuwa Haus ni das. Jinsia hutoka kwa kipande cha mwisho peke yake: die Tür, kwa hiyo die Haustür. Wajerumani walichukua neno letu "safari" wakalifanya die Safari. Wakaunda Fotosafari, ikabaki die. Wakaunda na Safaripark, ikawa der, kwa kuwa mwenye neno sasa ni der Park na safari imekuwa mfafanuzi tu.

Viambishi tamati hufanya kazi hiyohiyo ya kuwa mwisho na kutawala. Nomino iliyoundwa kwa -ung, -heit, -keit au -schaft ni die. Iliyoundwa kwa -chen ni das, na hapo ndipo watu hushangaa: kwa nini msichana, das Mädchen, hana jinsia ya kike? Lakini sisi wenyewe tukimdogosha mtoto akawa kitoto, hatusemi "kitoto amelala" bali "kitoto kimelala". Kiambishi cha udogo kimembeba hadi ngeli nyingine. -chen inafanya kazi ya ki-, ila imekaa upande wa pili wa neno.

Herufi s imejitokeza katikati

Mwanafunzi anaandika Arbeitzimmer, mwalimu anaongeza s kwa wino mwekundu: Arbeitszimmer. Anadhani s hiyo ni ya umilikishi, kama "ya". Haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu Arbeit ni neno la kike, na maneno ya kike hayapati s ya umilikishi. Ni gundi tu ya kuunganisha vipande. Baada ya -ung, -heit, -keit, -schaft, -ion na -tät gundi hiyo huwekwa: Wohnungstür, Gesundheitsamt, Universitätsbibliothek. Maneno mengine hutumia n au en (Sonnenblume, Straßenbahn), mengine er (Kinderwagen), mengine hayana kitu. Nje ya viishio hivyo, jifunze neno zima kwa sikio. Wenyewe hawakubaliani kila mahali: Mjerumani huandika Adventskalender, jirani yake wa Austria huandika Adventkalender.

Umefungua kamusi, maana haiingii

Mwanafunzi mmoja aliniletea sentensi hii: Der Kurs fängt morgen um acht Uhr an. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Kozi inakamata kesho saa nane." Ana haki ya kushangaa, maana kamusi ndivyo ilivyomwambia: fangen, kamata. (Ya saa ni shauri jingine, acht Uhr asubuhi ni saa yetu ya pili, na watu wamekosa usaili kwa sababu hiyo.)

Kitenzi cha sentensi hiyo si fangen. Ni anfangen, kuanza, na kipande chake cha mbele kimeachwa mwisho wa sentensi. Wengi hufundishwa kwamba kitenzi "kimekatika na kipande kimetupwa nyuma". Mimi huliona vingine, na tangu nilipoanza kulieleza hivi makosa yamepungua darasani. Nyumbani kwa kitenzi ni mwisho wa sentensi. Kule ndiko kinakoonekana kizima: morgen um acht Uhr anfangen. Katika sentensi huru, sehemu inayobeba nafsi na wakati hulazimika kuhamia nafasi ya pili. Inapoondoka, an- inabaki nyumbani. Kwa hiyo hakuna kilichotupwa nyuma. Kilichosafiri ni fängt.

Dawa basi ni hii: kabla hujaigusa kamusi, nenda hadi kwenye nukta. Ukikuta kijineno kifupi kama an, auf, aus, ein, ab, mit, vor, zu kimesimama peke yake kabla ya nukta, kirudishe mbele ya kitenzi, ndipo utafute. Der Zug fällt heute aus: si treni kuanguka, bali ausfallen, treni ya leo imefutwa. Ich höre auf: sisikii kitu, naacha (aufhören). Mtu akikwambia Hör auf! hakutaki usikilize, anataka ukome.

Kipi hukatika, kipi hakikatiki

Kosa lake hujulikana kwa maumbo kama "geversteht" au "ich komme ein Paket be". Viambishi be-, ge-, er-, ver-, zer-, ent-, emp- na miss- havibanduki, na huzuia ge- ya wakati uliopita: verstanden, besucht, bekommen. Vinavyobanduka huikumbatia ge- katikati: angefangen, eingekauft, aufgestanden. Hata zu hujipenyeza mlemle: anzufangen, aufzustehen.

Ukiwa huna uhakika, sikiliza shadda, yaani mkazo wa sauti. Kinachobanduka kina shadda, kisichobanduka hakina: ANkommen, lakini beKOMmen. Tatizo letu ni kwamba katika Kiswahili shadda karibu siku zote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio halikuzoea kuuliza iko wapi. Tunatamka anKOMmen na kuipoteza alama yenyewe iliyokuwa itusaidie. Lipo jozi ambalo mwanafunzi wa udereva hapaswi kulikosea: umfahren yenye shadda kwenye um ni kumgonga mtu akaanguka, umfahren yenye shadda kwenye fah ni kumzunguka ukapita salama. Ich fahre ihn um, namgonga. Ich umfahre ihn, namkwepa.

Viambishi visivyobanduka wengi huvikariri kama orodha ya simu, na hilo linaniuma, kwa sababu mzungumzaji wa Kiswahili ana ufunguo wake tayari. Unyambulishaji wetu hufanya kazi zilezile. Tazama be-. Weinen ni kulia; beweinen ni kumlilia mtu. Lügen ni kusema uongo. Belügen humtaka mtu anayeongopewa: er belügt mich. Antworten huhitaji auf kabla ya swali. Beantworten hulichukua swali moja kwa moja. Hiyo ni kazi ya -ia na -ea, kukipa kitenzi mlengwa. Tazama na ent-. Falten ni kunja, entfalten ni kunjua. Beladen ni pakia, entladen ni pakua. Tunatengua kitendo kwa -ua, wao kwa ent-. Zer- huleta wazo la kitu kuishia vipande: reißen ni kuvuta au kuchana, zerreißen ni kuraruararua. Ver- ina kazi nyingi, lakini moja hushikika haraka, ya kukosea: sich verlaufen ni kupotea njia kwa miguu, sich verfahren ni kupotea ukiwa garini, sich versprechen ni kuteleza ulimi. Versprechen bila sich ni kuahidi, kwa hiyo usiiache sich nyuma.

Umeandika "Heute ich gehe"

Hili ndilo kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Kwa Kiswahili "Leo naenda kwa daktari" na "Naenda kwa daktari leo" ni sawa. Nafsi imo ndani ya kitenzi, kwa hiyo kielezi kinaweza kukaa popote bila kumsumbua mtu. Kwa Kijerumani kitenzi cha sentensi huru kina kiti cha pili, na hakihami. Heute ikikaa kiti cha kwanza, ich hana budi kupita nyuma: Heute gehe ich zum Arzt.

Watu hukosea kwa kuhesabu maneno. Hesabu viti. In der ersten Woche nach der Prüfung schlafe ich lange: maneno saba, kiti kimoja, kisha kitenzi. Hata kishazi kizima hukaa kiti kimoja: Weil es regnet, bleibe ich zu Hause (kwa sababu mvua inanyesha, nabaki nyumbani). Hapo kitenzi kinafuata mara tu baada ya mkato, nayo ni alama nzuri ya kujikagua.

Viunganishi und, aber, oder, denn na sondern havina kiti, vimesimama mlangoni: aber ich gehe. Deshalb, trotzdem na dann ni vielezi, vinakalia kiti cha kwanza: deshalb gehe ich. Wanafunzi huvichanganya kwa sababu sisi huvitafsiri vyote kwa viunganishi: lakini, kwa hiyo, hata hivyo.

Tena, anayekaa kiti cha kwanza si lazima awe mtenda. Den Arzt sucht die Schwester: anayetafutwa ni daktari, na den, umbo ambalo der huvaa kwa anayetendwa, ndiyo iliyokwambia.

Baada ya weil kitenzi kimekaa pabaya

"Ich bin müde, weil ich habe heute gearbeitet" (nimechoka kwa sababu leo nimefanya kazi). Nilipoisahihisha sentensi hii, mwenye daftari, muuguzi wa zamu za usiku, alininyooshea mkono.

"Lakini mwalimu, nimewasikia Wajerumani wenyewe wakisema weil ich habe."

"Umesikia sawasawa, dada. Wanasema."

Na kweli wanasema, katika mazungumzo, aghalabu baada ya kupumua kidogo kwenye weil. Lakini hawaandiki hivyo kwenye barua rasmi, na mtihani utakukata alama. Katika maandishi, weil, dass, wenn, ob, obwohl na wenzao hukifunga mlango kiti cha pili. Kwa hiyo kitenzi hakiondoki nyumbani: weil ich heute gearbeitet habe. Na kwa kuwa hakikuondoka, hakikatiki: weil der Kurs um acht Uhr anfängt. Anayeelewa kwamba mwisho ni nyumbani haoni ajabu yoyote hapa. Kishazi tegemezi ndicho Kijerumani kilichotulia. Sentensi huru ndiyo iliyohamisha kitu. Ukizidiwa siku ya mtihani, tumia denn, ambayo inakubali mpangilio uliouandika: denn ich habe heute gearbeitet.

Vitenzi vimerundikana mwisho

Dalili: umefika mwisho wa kishazi ukakuta vitenzi vitatu, hujui kipi kianze. Chukua maneno ya muuguzi anayeeleza kwa nini analala mchana: kwa sababu lazima niweze kufanya kazi hata usiku. Kiswahili kinaanza na lazima, kisha kuweza, kisha kufanya kazi. Kijerumani: weil ich auch nachts arbeiten können muss. Kufanya kazi, kuweza, lazima. Ni Wohnungsgeberbestätigung upya! Kata kutoka kulia, kimoja baada ya kingine, na Kiswahili chake kinatoka kimenyooka. Mara nyingi huwapa wanafunzi penseli ileile ya maneno marefu waitumie kwenye mkia wa kishazi, na nyuso hubadilika.

Kuna pahali kanuni hii inavunjika, nawe ujue mapema. Haben ikikutana na kitenzi kama können au müssen katika wakati uliopita, hupanda mbele ya wenzake: weil ich ihn gestern nicht habe anrufen können, kwa sababu jana sikuweza kumpigia simu. Na können hapo haiwi gekonnt, inabaki können. Ikariri kama ilivyo. Sentensi moja iliyokaa vizuri kichwani itakutosha kuzipima nyingine.

Der, dem au den kwenye kishazi rejeshi

Kiswahili kinasema mgonjwa niliyemsaidia, mgonjwa niliyemwogesha, na -ye- haibadiliki. Kijerumani: die Patientin, der ich geholfen habe, die Patientin, die ich gewaschen habe. Mwanafunzi akiona der anadhani mgonjwa amegeuka mwanamume.

Kirejeshi cha Kijerumani kina mabwana wawili. Jinsia na idadi hukipokea kutoka nje, kwa nomino inayotangulia, kama vile -cho- hufuata kitanda katika "kitanda nilichokitandika". Hilo tumelizoea tangu utotoni. Kazi yake katika kishazi hukipokea kutoka ndani, kwa kitenzi, na kitenzi kiko wapi? Mwisho. Helfen (kusaidia) hutaka datifu, umbo la anayefanyiwa jambo; waschen (kuogesha) hutaka akuzatifu, umbo la anayetendwa moja kwa moja. Kwa hiyo kabla hujaandika kirejeshi, kiamue kwanza kitenzi kitakachokaa mkiani. Ndivyo wazungumzaji wazuri wanavyofanya: wanakuwa wameshajua watakapotua.

Barua ya ofisi: "die" imefuatwa na "für"

Usiku mmoja nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Ujerumani. Sauti ilikuwa ya furaha tupu: "Mwalimu, wameniongezea kibali mpaka Machi 15!" Nikamwomba anisomee barua yenyewe.

Wir bitten Sie, die für die Verlängerung Ihrer Aufenthaltserlaubnis erforderlichen Unterlagen bis zum 15. März einzureichen.

Alikuwa amesoma kutoka kushoto. Verlängerung, kuongeza muda. Aufenthaltserlaubnis, kibali cha ukaazi. Bis zum 15. März, hadi Machi 15. Kila neno alilitafsiri sawasawa, na barua nzima akaikosa.

Tukaanza mwisho. Einzureichen: toa zu, inabaki einreichen, kuwasilisha. Hicho ndicho kitendo, na wanaomba yeye akitende. Kuwasilisha nini? Nyuma yake kuna tarehe, ambayo sasa ni siku ya mwisho ya kuwasilisha. Rudi tena: Unterlagen, hati. Hiyo Unterlagen ndiyo mwenye die ya mwanzoni kabisa. Die ikifuatwa na für, von, am au neno lolote lisiloweza kuwa la kwake, ujue mabano yamefunguliwa, na yatafungwa na nomino iliyo mbali kulia. Kila kilichomo ndani ya mabano ni kile ambacho sisi tungekieleza kwa kirejeshi baada ya nomino: hati zinazohitajika ili kuongeza muda wa kibali chako cha ukaazi. Wir bitten Sie: tunakuomba.

Tunakuomba uwasilishe, si zaidi ya Machi 15, hati zinazohitajika ili kuongeza muda wa kibali chako cha ukaazi.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Ilikuwa Machi 9.